Kinga

Kwingine kinga ni ngao, ni chanjo,
ni kitu cha kuzuia ubaya.
Kwetu Lubumbashi kinga ina magurudumu mawili,
na kengele, Mungu akipenda.

Nilipiga hesabu. Kutoka Katuba hadi mjini
teksi ya asubuhi, teksi ya jioni,
na ile ya tatu mvua inapokata njia:
kwa mwezi, nusu ya kodi ya nyumba.
Basi Jumanne na Alhamisi nikawa natembea,
nauli naitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
miezi minne, mpaka kopo likaacha kulia.

Dola sitini na mbili.

Mzee Kaputo anauza kando ya reli.
Kinga zake amezitundika kwenye misumari
kama mbuzi waliochunwa.
"Ni ya bwana? Ana urefu gani?"
Nikamwambia bwana hana urefu,
mguu ndio huu, pima.
Akacheka, pengo la mbele wazi,
akapima kwa macho, akaacha kucheka.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, chuma kitupu,
ile inayotoka porini na magunia manne ya makala
na mwanamume nyuma yake anasukuma,
hajaipanda tangu aliponunua.
Nilijaribu kuinyanyua. Karibu initeguwe bega.

Ya pili ilimeta. Rangi ilishika kucha, bado mbichi.
Nikakwaruza chini ya tandiko: buluu.
Chini ya buluu, kijani.
Chini ya kijani, mshono wa mchomeleaji,
mnene kama kovu la kujifungua kwa kisu.
Nikairudisha msumarini kwa heshima.

Ya tatu ilikuwa imegeukia ukuta.
Usukani wa pembe za kondoo, matairi membamba,
kinga ya mashindano ya huko kwa wazungu,
jina lake limefutika, imebaki herufi R.
Tandiko limechanika. Breki moja inashika,
nyingine inaahidi.
Nikaibeba kwa vidole viwili.

Mimi naunda meno ya bandia.
Kutwa ni nta na jasi na jicho moja kufumba;
nusu milimita ikizidi, mtu hali bukari.
Nikalizungusha gurudumu la mbele,
nikaliona linayumba,
kidogo tu, kama mlevi anayejua mkewe anamtazama.
"Limenyooka," akasema Kaputo.
"Limenyooka kwenda kushoto."

Kwa yumbo hilo tisini ikawa sabini na tano.
Kwa tandiko, sabini.
Hapo akakunja mikono.

Mtu wa makala alikuwa anapumzika kivulini mwa mzigo wake,
uso mweusi kwa vumbi, macho mekundu.
"Mama, hiyo haibebi hata nusu gunia."
Kweli kabisa. Na katika mji huu
kila chenye gurudumu hudaiwa mzigo,
kila chenye mgongo vilevile.
Mimi mwenyewe nimebeba unga, watoto wa dada,
jeneza dogo mara moja, kichwani.
Nikamjibu, "Sibebi gunia.
Nambeba Musonda, kutoka kwake hadi kazini."
Hakucheka. Alisema, "Haya,"
akaanza tena kusukuma.

Zikabaki dola nane kati yangu na Kaputo.
Nikamwambia afungue kinywa.
Akafungua, mbele ya wateja, kama mtoto.
"Jino hilo nitakuwekea. Wiki mbili."
Ulimi wake ukapita kwenye pengo, ukarudi, ukapita.
Akaishusha kinga yangu.

Kwenye lami niliruka. Neno lingine sina.
Katuba, palipo mashimo na matope mekundu,
nilishuka nikaisukuma, watoto wakinifuata:
"Mama anatembeza kinga! Mama anatembeza kinga!"
Matairi membamba hayasamehe,
na nyuma nitatafuta la mnene zaidi, mwezi ujao.

Jumatatu nilifika kabla ya mlinzi kufungua lango.
Miguu ilitetemeka, nauli imo mfukoni, nzima.
Nikawasha taa, nikayeyusha nta,
nikaanza na jino la Kaputo.
Nikafikiria kulipinda kushoto kidogo.
Nikalinyoosha.