Migongo ya Karata

Mota tatu za waipa, mbao za kitanda kilichokufa,
kamera ya simu iliyopasuka kioo:
ndivyo nilivyouunda mkono
katika karakana ya Nyawade, nyuma ya soko la Kibuye,
kwa ruhusa yake na nusu ya meza.
Nusu nyingine ilikuwa ya karata.

Saa saba jua likikaa juu ya mabati
spana hulala, watu hukalia mikebe ya rangi:
Nyawade mwenyewe,
Shikuku wa kuchomelea,
na Apondi auzaye mayai, ambaye hajawahi kuniuzia
yai lisilo na maoni.
"Ufundishe," wakasema. "Tumekosa wa nne."

Nikaufundisha. Picha elfu mbili,
mbele na nyuma, kila karata na jina lake:
kopa kivulini, shupaza mwangani,
saba ya pao yenye duara la kikombe cha chai,
mfalme aliyeliwa sikio na kitindamimba wa Apondi.
Mabati yana matundu. Kila tundu hudondosha mezani
sarafu ya jua, na mkono ukaiona ree ya uru,
ukashusha vidole kuiokota.
Ukakwangua mbao.
Ukakwangua tena.
Shikuku alicheka hadi akavua miwani ya kazi afute macho.

Wiki ya tatu uliacha kuokota jua.
Wiki ya nne ukaanza kushinda.

Ukikuwekea swali, huna jibu.
Ukikulisha mbili, huna mbili ya kurudisha.
Nyawade akasema una jini, akahamisha kiti.
Nami usiku nikapitia programu mstari kwa mstari
kama achambuaye mchele wa Ahero kwenye ungo,
na saa tisa jiwe likalia chini ya kidole:
mkono haukuwa ukisubiri nyuso.
Ulikuwa umejifunza migongo.

Asubuhi nikaenda na uso wa mtu
aliyevunja chungu cha wenyewe. Nikaungama.
"Umekuwa ukiwaibia. Unazijua zikiwa zimelala."

Kimya. Apondi akamenya yai, polepole,
ganda likatoka zima.
"Malkia wa kopa," akasema, "ana kovu la kiberiti.
Nane ya uru, Nyawade aliikalia akiwa amelowa.
Mwanangu, meza hii nzima husoma migongo.
Tulichokuwa tukishangaa
ni nani amemwambia."

*Amemwambia.* Hapo hapo
aliutoa mkono kwenye ngeli ya miti
akautia kwenye ngeli ya watu,
na hakuna aliyemsahihisha.

Miaka sita, basi, wanajuana mikononi,
na bado hupiga meza, hupiga yowe, huapa kwa mama zao
hawakuitarajia ile.

Nilinunua pakiti mpya, inanukia plastiki.
Ilichezwa mara moja tu.
Walikaa wapole kama wageni wa matanga
wasiomjua marehemu.
Zikarudi kuukuu.

Ikabaki sheria moja. Ukibakiza karata moja
sharti useme: niko kadi.
Mkono hauna kinywa, na kila mara
ulilishwa mbili kwa kosa la kunyamaza.
Apondi akaamua: abishe hodi.
Nikaandika mistari minne. Ko, ko, juu ya mbao.

Jana mvua ilitoka ziwani ikapita na stima.
Mkono ukaganda, kidole hewani,
karata moja mbele yake, kifudifudi,
ina duara la chai mgongoni.
Hawakumlisha mbili.
Shikuku alihesabu matone ndani ya sufuria,
Nyawade akafunika kamera kwa kofia yake isilowe,
na robo saa nzima hakuna aliyeitazama ile karata,
jinsi usivyomtazama mtu anayevaa.

Taa ikarudi.
Ko, ko.

"Ati nini?" Nyawade akaruka, mikono kichwani.
"Yuko kadi? Huyu? Tangu lini?"