Somo la Alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri Ilse Prudhoe anabonyeza kitufe,
na spika ndogo, iliyofichwa kwenye tawi la mkaratusi,
inaimba kama baba ambaye hayupo.

Ndege hawa, weusi wenye madoa ya manjano,
zamani walikuwa wingu zima
juu ya vilima vya magharibi mwa Sydney.
Siku hizi dume huruka siku tatu
asikutane na wa kumfunza;
huokota lahaja za majirani, huiga kwa kubahatisha,
na jike akimsikia hugeuza shingo:
nani huyu, anayenitongoza kwa maneno ya kukopa?

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
Haya, ulimwengu umefika: nyaya, betri,
na kanda ya mwaka themanini na sita
aliyoirekodi marehemu Coughlan akiwa na mafua.
Chafya yake imo, sekunde ya arobaini.
Hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Wiki ya kumi na mbili, kimya.
Wenzake maabara wanahesabu jeni, wanachora grafu.
Ilse anahesabu vikombe vya chai.

Kisha leo kinda mwenye pete nyekundu mguuni
anaachama, anajaribu:
noti mbili, ya tatu inavunjika,
anarudia,
anaipata,
anaushuka wimbo mzima ngazi kwa ngazi
na mwishoni, mahali pake hasa,
anapiga chafya.

Ilse anacheka hadi miwani inaingia ukungu.
Daftarini anaandika:
Amefaulu. Ana lafudhi ya Coughlan.