Bikoni ya Kumi na Saba

Pongwe, saa moja unusu, umande bado kwenye mkonge.
Kiatu changu cha kushoto kimekanyaga bikoni:
saruji ile ile, namba ile ile, kumi na saba.
Lakini jipiesi mkononi inanisomea tarakimu
ambazo nikizipeleka kwenye ramani
zinanitupa kusini, mita mia tatu na ushei,
jikoni kwa Mwanahamisi Sekiete.

Nikaizima. Nikaiwasha. Satelaiti kumi na moja.
Jikoni tena.

Kilua, mshika futikamba, akapangusa shingo:
"Hawa hawagombani, bosi. Kila mmoja anapima dunia yake."

Nikaukunjua ukingo wa ramani, penye maandishi ya sisimizi:
dunia ya mwaka sitini,
ya waliopanda vilima na vioo
wakaitana kwa mmeto wa jua.
Hii ya mkononi imezaliwa juzi, haijui jasho la mlima.

Mwenye jiko akatokea, ungo kiunoni:
"Leo nimo shambani mwa mkonge, au nimo kwangu?"

Nikabonyeza, nikaichagua dunia ya zamani.
Alama ikatambaa kaskazini, ikatua kiatuni.
"Uko kwako," nikasema.

Alikwishageuka. Maharage yalikuwa yanaungua.