Muhuri wa Simba Watatu

Jina lake Voldemar Kuusk. Gerezani waliliweza nusu,
nusu nyingine wakaimalizia wenyewe: Bwana Kasuku.
Babu yangu Kirumbi, aliyempigia taipu miaka kumi na saba,
alisema halikumkera. "Balozi ni nini, Kirumbi?
Hufunzwa neno kwao, akalisemee kwa watu."

Kwao Estonia alikuwa wakili.
Alikaa Geneva akigombea koma kwenye mikataba,
kisha akamwambia mkubwa mmoja ukweli mezani.
Wakampa cheo na tiketi ya meli: Dar es Salaam,
balozi mdogo, kazi yake katani na mabaharia walevi.

Chumba kimoja juu ya duka la Merali, Barabara ya Akasia.
Feni. Bendera ya buluu, nyeusi, nyeupe.
Na muhuri wa shaba wenye simba watatu
wembamba, simba wasiowahi kuiona nyika.

Agosti, mwaka wa arobaini, simu ya maandishi ikafika:
funga, kabidhi funguo, nchi imeingia ndani ya nchi nyingine.
Akaisoma mara mbili. Akaomba chai.
"Andika, Kirumbi: Tumepokea. Aliyeituma hatumjui."
Jumatatu saa mbili akafungua ofisi.
Na Jumatatu iliyofuata.

"Bwana, nchi ikifa huzikwa wapi?"
"Haijafa. Imezuiliwa. Kisheria kuna tofauti."
Babu akacheka, cheko la puani.
"Basi tumekutana. Yangu ipo, naikanyaga kila siku,
ila mihuri yote ina taji la mfalme wa watu.
Yako haipo, ila muhuri unao.
Tukichanga, tunapata nchi moja nzima."
Kasuku hakucheka. Alifungua droo, akaifunga.
Asubuhi babu akakuta kitini kwake kitabu
cha sheria za udhamini, kimepigwa mistari myekundu
hadi ukurasa wa mwisho.

Alikufa hamsini na tatu, kwa malaria, akidaiwa pango.
Merali alisamehe deni, akachukua feni.
Babu akachukua kitabu, na muhuri.
Usiku ule wa Desemba, jiji zima likienda uwanjani
kuiona bendera ikipanda, yeye alibaki nyumbani kwanza
hadi karibu na saa sita. Alisema hakupenda
kumwacha mwenzake peke yake.

Mwaka wa tisini na moja redio ikaitaja Estonia,
kwa kupita tu, kabla ya matangazo ya vifo.
Babu, macho yamemwisha, akaniambia lete karatasi.
Iliyokuwapo ni bili ya maji.
Akaupulizia muhuri pumzi, kama afutaye miwani,
akagandamiza kwa mikono miwili.

Wino ulikuwa umekauka zamani. Kimebaki kibonyeo;
ukikipitishia kidole unahesabu simba wawili.
Wa tatu sina hakika.
Bili ile hatukuilipa.