Robo ya Ubao

Kiwanja namba mia mbili na kumi na mbili,
Tarrow Park, pembezoni kabisa mwa Melbourne,
lami ikinuka upya bado
na miti imefungwa kamba vigingini kama wagonjwa.
Kwenye ramani ya muuzaji kijito kilikuwa cha buluu,
na juu yake mstari mwembamba mwekundu: daraja la miguu.
"Mwakani," alisema kijana wa mauzo,
akanipa kalamu.

Shule iko ng'ambo. Nikiwa jikoni nasikia kengele yake.
Hatua mia tatu kwa jicho,
kilomita nne na ushee kwa gari.
Sanduni alikuwa na miaka sita.

Nikaenda halmashauri kuuliza.
Bi Glenys Prowse, mhasibu wa michango,
miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo,
akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe.
Kila kiwanja kimelipiwa, akasema.
Kampuni haipewi cheti hata kimoja
kabla haijaweka mafungu mezani:
hili la mitaro, hili la uwanja wa mpira,
hili la kliniki ya watoto, hili la daraja.
Na mafungu hayachanganywi. Pesa ya mtaro
haiwezi kuamka siku moja ikawa daraja.

Kampuni imelipa?
Imelipa.
Kwa pesa ya nani?
Akavaa miwani.
Maana bei ya kiwanja niliisaini mimi,
na mkopo wake nitaulipa hadi nisahau nilikopa nini;
risiti ina jina la kampuni,
jasho lina jina langu.
Hakubisha. Akanisomea, kwa sauti ya chini,
sehemu yangu katika daraja:
dola mia sita na kumi na moja.

Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa.
Hatuambiwi kwamba kibaba nacho hukua.
Zilitakiwa nyumba mia tisa;
zikajengwa mia nne, soko likalala.
Mwaka wa tatu chuma kikapanda,
mkandarasi akaandika bei upya,
na ile akaunti yenye jina la daraja
ikaendelea kuzaa riba ya senti,
kuku anayetaga mbele ya kicheche.

Nilitamani awepo mwizi.
Kweli. Mwizi ana uso, unaweza kumzomea.
Kulikuwa na mkutano tu, Jumanne moja kila mwezi,
Diwani Alasdair Keogh akisoma jedwali
na sisi wanane kwenye viti vya plastiki.
Mzee Tevita Fifita alisinzia, akazinduka, akauliza,
"Limefika?"
kama mtu anayengoja basi.
Kipilefti kikatangulia. Fungu la barabara lilikuwa limetimia.
Kipilefti kizuri, kina maua.

Kijito hakikusoma jedwali.
Julai kikafura, rangi ya chai ya maziwa.
Watoto wakatupa kichanja cha mafundi wavukie,
Sanduni akarudi na kiatu kimoja.
Nilikaa nacho mapajani hadi giza likaingia,
sijui nilikuwa namngoja nani aje na kile cha pili.

Daraja lilifunguliwa yeye akiwa na kumi na tano.
Shule yake ya sasa iko upande huu.

Nilienda peke yangu, utepe umeshakatwa, watu wameondoka.
Bi Glenys alikuwa anastaafu wiki ile;
nilimwomba hesabu ya mwisho
akaifanya nyuma ya bahasha:
gharama yote, gawa kwa mbao zote.
Mia sita na kumi na moja
hununua robo ya ubao mmoja.
Nyayo mbili, zikibanana.

Ni upi, bahasha haikusema. Nikachagua,
karibu na katikati, pale maji yanaposikika.
Nikabana miguu, nikasimama
kama mwenye nyumba.

Kijana mdogo akaja na baiskeli,
begi la shule likirukaruka mgongoni,
akapiga kengele: samahani, mama, napita.
Nikasogea,
nikakanyaga robo ya mtu mwingine.