Kikuza Sauti cha Langoni

Harusi ikingojea,
kikuza kimefifia,
Famau akasogea,
bisibisi mkononi.

Ndani hapana upepo;
elektroni zilipo
zasongana hapo hapo,
ukuta ni silikoni.

Ni kama moshi wa udi:
kwenda kwake si kusudi,
wala haupigi hodi,
umejaa ukumbini.

Nazo hivyo hutembea,
penye nafasi hutua;
nyingine zatumbukia,
zikafia matunduni.

Zikichelewa kuvuka,
kigelegele hufika
kimeziba, kimechoka,
kama kimo mtungini.

Mwanashee auliza,
"Kwani wewe unaweza
kuziona kwenye kiza?"
"Sizioni. Nazidhani."

Akalehemu kwa bati,
akagusa, akaketi,
na ikarudi sauti
hadi kule Mkomani.