Chokaa ya Mikindani

Nilipanda Boma kwanza, kama wapandavyo wote.
Ukuta mweupe, mnara, na kijana Chilumba
akinitajia miaka kwa Kijerumani cha kukariri.
Nikapiga picha. Nikashuka
kwa njia ya mbuzi, nyuma ya msikiti,
mitaa inakopinda kama inakwepa deni.

Huko nyumba za matumbawe zimekaa wazi:
mlango wa nakshi, ndani hamna paa,
mpapai umesimama chumbani
palipokuwa na samadari.
"Hodi," nikasema, kwa mazoea tu.
"Karibu," ukuta ukajibu.

Kumbe ni Bi Somoe, juu ya ngazi,
mikono myeupe hadi viwikoni.
"Unatafuta nini?"
"Historia."
Akacheka, kikohozi kikamkatiza.
"Historia imenikataza saruji.
Bwana wa mambo ya kale kaandika barua:
chokaa tu, kama ya mababu.
Haya, mababu walikuwa na watumwa wa kuichoma.
Mimi nina korosho magunia mawili
na mjukuu yuko Newala, hapokei simu."

Sikuwa na la kusema. Ngazi ikayumba.
Nikaiweka kamera juu ya jiwe,
nikaishika ngazi.

Hadi adhuhuri niliujua ukuta ule
kuliko miaka yote ya Chilumba:
unakunywa maji kama mgonjwa,
una kombe dogo tumboni, zima,
na ukiupiga kofi unakujibu kwa vumbi.

"Kesho upande wa kaskazini,"
akasema Bi Somoe, akinawa,
kana kwamba ameniajiri.